Memsahib, Boi na Yaya: Nani Alikuwa Rafiki wa Nani?

Picha za namna hii zimezagaa mitandaoni na kwenye kuta za hoteli za kitalii. Nyumba ya mawe yenye baraza pana, mama wa Kizungu kwenye kiti cha henzerani, mbwa miguuni pake, na nyuma yake wanaume wawili watatu wamesimama wima, kanzu nyeupe, miguu mitupu. Pembeni yaya amembeba mtoto ambaye si wake. Picha ikishawekwa, ubishi huanza. Huyu atasema: "Hawa waliishi kama ndugu. Babu alimpikia Mzungu miaka ishirini, na siku Mzungu anaondoka walilia wote wawili." Yule atamjibu: "Ndugu gani unayekula naye yeye ameketi, wewe umesimama? Huo ni utumwa uliopakwa chokaa."

Nimeusikia ubishi huu mara nyingi, na naona wanaogombana hawazungumzii jambo moja. Mmoja anazungumzia machozi, mwingine anazungumzia sheria. Machozi yalikuwepo na sheria ilikuwepo, chini ya paa moja. Kinachotuchanganya ni kwamba tunatumia neno moja, urafiki, kwa mambo ambayo wazee wetu waliyapa majina tofauti.

Maneno kwanza

Kuwa peke yako ni hesabu tu: umo chumbani, hakuna mwingine. Upweke ni kitu kingine. Unaweza kuwa jikoni na watu sita, kengele inalia kila dakika, na bado ukawa mpweke kwa sababu hakuna hata mmoja anayejua jina la mama yako. Liko na neno zito zaidi, ukiwa, hali ya nyumba iliyohamwa au ya mtu aliyekosa wote. Katika nyumba za kikoloni upweke ulikuwa wa kila siku. Ukiwa ulikuja kwa vipindi, hasa habari ya msiba ilipofika kutoka kijijini na mtu akanyimwa ruhusa ya kwenda kuzika.

Upande wa pili kuna mambo matatu tunayoyaita yote urafiki. La kwanza ni fadhila: aliye juu anampa aliye chini dawa, blanketi, pengine karo ya mtoto. La pili ni mazoea. Ukikaa na mtu miaka kumi utajua anavyokohoa, chai yake inataka sukari kiasi gani, na akinyamaza ana maana gani. Waswahili walisema mazoea yana taabu, na taabu yake moja ni hii, kwamba yanafanana sana na mapenzi. La tatu ndilo urafiki wenyewe, na kipimo chake si kikubwa: je, unaweza kumkatalia mwenzako leo, na kesho mkaendelea kama jana? Rafiki akikuomba umsindikize unaweza kumjibu, "Leo nimechoka, bwana." Jaribu kumjibu hivyo mtu aliyeshika cheti chako cha kazi.

Fadhila na mazoea vinaweza kuzaa mapenzi ya kweli kabisa. Hapo ndipo watu wengi wanapoteleza, kwa kudhani mapenzi yakiwepo, urafiki nao lazima upo. Fikiria mlango wenye kitasa upande mmoja tu. Aliye ndani hufungua akitaka na kufunga akichoka. Aliye nje hubisha hodi na kungoja. Wanaweza kupendana sana kupitia mlango huo, lakini ni mmoja tu anayeamua saa ya kuonana.

Hata majina ya humo ndani yana kichekesho chake. "Memsahib" lilikuja na Waingereza kutoka India, na nusu yake ya pili ni lile neno la Kiarabu lenye maana ya mwenzi. Kiswahili nacho kinalo, sahibu, na kwetu sahibu ni rafiki wa moyoni. Kwa hiyo mpishi aliyeitikia "Ndiyo memsahib" kutwa nzima alikuwa akitamka neno la urafiki pasipo na urafiki wowote. Na yeye mwenyewe aliitwa boi, yaani mtoto wa kiume, hata alipokuwa na wajukuu.

Nyumba ya wageni watupu

Nitaichukua zaidi Kenya, maana ndiko walowezi wa Kizungu walikokuwa wengi kuliko kwingineko Afrika Mashariki. Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, na nyuma ya reli wakaja watu waliogawiwa ardhi ya nyanda za juu. Wakajenga. Na ukizihesabu roho zilizolala katika boma la namna hiyo, utakuta karibu kila mmoja ni mgeni.

Mama mwenye nyumba alikuwa mgeni. Mumewe yuko shambani au safarini, jirani yuko mbali, barua ya nyumbani inasafiri baharini kwa wiki kadhaa, na watoto wakifika umri wa shule wanapelekwa bweni, wengine Uingereza kabisa. Ilikuwepo klabu, naam. Klabu ya Muthaiga ilifunguliwa mkesha wa mwaka 1914. Lakini klabu ilikuwa ya wenye nafasi na wenye kukubaliwa, na iliangalia rangi, ukoo na lafudhi kabla ya kumfungulia mtu.

Mpishi naye alikuwa mgeni. Yeye alitoka Nyanza au Ukambani, mke akabaki nyuma kushika shamba. Hakuja kutembea. Kodi ya nyumba ilidaiwa kwa fedha taslimu, na fedha ilikuwa kwa Mzungu. Hussein Onyango, babu yake Barack Obama, ni mmoja wa Wajaluo waliotoka kwao wakaenda kupikia Wazungu Nairobi. Msomaji wa leo aliyezoea dada wa kazi huenda akashangaa, lakini kazi za ndani enzi hizo zilikuwa za wanaume hasa: mpishi, boi wa ndani, dobi, mtunza bustani, na yule mdogo wa jikoni aliyeitwa toto. Mwanamke mwajiriwa mara nyingi alikuwa yaya peke yake, na kwa hiyo hata huko nyuma kwenye vyumba vya wafanyakazi hakuwa na mwenzake.

Tazama tena zile kanzu. Kanzu ni vazi la pwani. Mkikuyu au Mjaluo aliyeajiriwa ndani alivishwa nguo ya watu wa Mombasa na Lamu, akafungwa mshipi mwekundu kiunoni, akavalishwa kofia, viatu hakupewa. Alikuwa mgeni hadi kwenye nguo zake.

Karatasi shingoni

Sasa ongeza sheria. Agizo la kuandikisha Waafrika lilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na kuendelea alitakiwa kubeba kipande: karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, tarehe ya kuanza na ya kuacha kazi, ndani ya kijaluba cha chuma kinachoning'inia shingoni. Wakikuyu walikiita mbũgĩ, kengele ya mbuzi. Mwajiri asipotia saini kwamba amekuachia, hupati kazi kwingine. Na ukiondoka bila ruhusa hukuacha kazi, umetoroka, na kutoroka kulikuwa kosa la jinai tangu sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1906.

Kwa hiyo turudi kwenye kipimo chetu. Mpishi anaweza kumkatalia mama? Anaweza kuondoka wakikosana? Mama anaweza kumfukuza asubuhi na kumwita tena jioni, naye mpishi akiondoka asubuhi, jioni anaweza kuwa mikononi mwa askari. Hata mama angekuwa na moyo wa dhahabu, na walikuwepo wenye moyo wa namna hiyo, kitasa kilibaki upande wake. Hakukitia yeye. Alikikuta, akakitumia.

Kuna jambo la pili lisilotajwa sana, nalo ni nani anamjua nani. Boi alijua kila kitu: ugomvi wa chumbani, chupa iliyofichwa kabatini, barua ipi ilisomwa kwa kilio. Mama kwa upande wake mara nyingi hakujua mpishi wake ana watoto wangapi. Kati ya marafiki siri huenda na kurudi. Humo ndani siri zilishuka tu, kama maji ya paa.

Kiswahili cha jikoni

Na walizungumza kwa lugha gani? Kwa Kiswahili ambacho si cha mama na si cha mpishi. Walowezi walikuwa na chao, Kisetla, chenye ngeli zilizovunjika na vitenzi vilivyokatwa kichwa na miguu. "Wewe kuja hapa." "Lete maji moto." "Mimi hapana taka." Vitabu vidogo vya kuwafundishia vilijaa amri. Ukiwa na amri mia mbili na huna swali hata moja la kumuuliza mtu habari za kwao, mtazungumza miaka kumi bila kuongea.

Watu huicheka lugha hii, na kweli inachekesha. Ila ukitulia utaona ilifanya kazi mbili zilizopingana. Ilikuwa ukuta, kwa sababu haikuwa na nafasi ya adabu: "tafadhali" ilipotea njiani, na heshima za kuamkiana zikabaki mlangoni. Ilikuwa pia daraja, kwa sababu ndiyo lugha pekee ambamo wote wawili walikuwa wanagugumia. Mlowezi aliyekosea Kiswahili mbele ya mpishi wake alikuwa, kwa dakika hiyo moja, mgeni mbele ya mgeni mwenzake.

Hali hiyo ilionekana wazi zaidi kwa Wayahudi waliokimbia Ujerumani ya Wanazi na kufika Kenya mwishoni mwa miaka ya 1930. Baadhi yao walikuwa watu wa ofisi na vitabu, wakaajiriwa kusimamia mashamba ya Wazungu wengine. Kiingereza hawakukijua vizuri, na Waingereza hawakuwataka sana. Vita vilipoanza Septemba 1939 wanaume wao walikamatwa kama raia wa nchi adui, eti Wajerumani, watu waliomkimbia Hitler! Mzungu wa namna hiyo alikuwa na ngozi ya bwana na maisha ya mkimbizi, na mtu aliyemfundisha nchi ilivyo, lugha, mvua, barabara, alikuwa mpishi wake Mwafrika. Hapo kitasa hakikuhamia upande wa pili, lakini mlango ulibaki wazi muda mrefu zaidi.

Ngong, 1914 hadi 1931

Mfano unaotajwa kuliko yote ni nyumba ya mwandishi Karen Blixen chini ya vilima vya Ngong, karibu na Nairobi. Yeye Mdenmaki, akafika mwaka 1914, na vita vilipozuka walowezi Waingereza wakamshuku kuwa upande wa Wajerumani. Msimamizi wa nyumba yake, Farah Aden, alikuwa Msomali, mbali na kwao, na dini yake haikuwa ya mama wala ya Wakikuyu wa shambani. Kamante Gatura alikuwa mtoto wa Kikuyu mwenye vidonda vibaya miguuni. Blixen alijaribu kumtibu mwenyewe, akashindwa, akampeleka hospitali ya misheni ya Waskoti kule Kikuyu. Akarudi amepona, akawa Mkristo, na baadaye akawa mpishi hodari.

Watu watatu wa pembeni, kila mmoja kwa namna yake. Ukisoma kumbukumbu alizochapisha mwaka 1937 huwezi kusema Blixen hakuwapenda. Humo humo, akieleza jinsi Kamante alivyoandaa vyakula ambavyo mwenyewe hakuvionea ladha, anamfananisha na mbwa aliyestaarabika anayekuletea mfupa na kuuweka mbele yako kama zawadi. Ngũgĩ wa Thiong'o alimshambulia vikali kwa maneno ya aina hiyo, na sioni alivyomwonea. Lakini sidhani pia kwamba Blixen alikuwa akidanganya aliposema aliwapenda. Fadhila inaweza kupenda hivyo: kwa machozi, kwa dawa, kwa usiku mzima wa kukesha, huku ikimwona mpendwa kama kiumbe kizuri kilichofugwa.

Sisi tunaosoma leo tunataka tuchague moja, alipenda au alidharau. Alifanya yote mawili kwa mkono mmoja.

Urafiki ulikuwa nyuma ya nyumba

Kosa kubwa la ule ubishi wa picha ni kwamba pande zote mbili zinatazama barazani tu. Zinauliza kama bwana na boi walikuwa marafiki, kana kwamba boi hakuwa na mtu mwingine wa kufanya naye urafiki. Zunguka nyuma.

Jiko lilikuwa jengo la peke yake, mbali kidogo na nyumba kwa ajili ya moshi na moto. Nyuma zaidi vyumba vya wafanyakazi, ambavyo hata leo mitaa ya zamani ya Nairobi bado inavyo. Familia mara nyingi hazikuruhusiwa kukaa humo. Usiku, baada ya vyombo vya bwana kuoshwa, posho ilipikwa: sufuria moja ya ugali, wakizunguka Mkamba, Mjaluo, Mkikuyu, pengine Mmeru, watu ambao kijijini kwao wasingekutana maisha. Hapo walifundishana lugha, wakasomeana barua, wakakopeshana, wakasengenya. Kumsengenya bwana kulikuwa nusu ya maisha. Neno rafiki lenyewe asili yake Kiarabu ni mwenzi wa safari, na hawa walikuwa safarini hasa.

Nisiifanye kuwa pepo. Jikoni nako kulikuwa na ngazi. Mpishi alikuwa mfalme, na toto wa jikoni alikula makofi ambayo bwana hakuwahi kuyaona. Boi aliyetaka kupendwa aliweza kumchongea mwenzake. Lakini tofauti ni kwamba hapa mtu aliweza kukataa. Alikasirika, akanuna wiki nzima, akarudi. Kitasa kilikuwa pande zote mbili.

Siku ya mapumziko walitoka. Nairobi walikwenda Pumwani, kwenye nyumba ambazo nyingi zilikuwa za wanawake waliojijengea wenyewe, wakapata chai, wimbo, na mtu wa kuwaita kwa majina yao. Dar es Salaam walivuka kutoka Uzunguni kwenda Kariakoo, ambako kulikuwa na ngoma ya beni: vyama vyenye bendi, sare na vyeo vya kijeshi, Marini na Arinoti wakishindana. Mtu aliyeitwa boi kuanzia Jumatatu angeweza kuwa na cheo kikubwa siku ya ngoma. Vyama hivyo havikuwa vya kucheza tu. Mwanachama akiugua alitazamwa, akifa alizikwa.

Tanganyika kulikuwa na chombo kingine cha zamani zaidi, utani. Wanyamwezi waliobeba mizigo ya misafara walikuwa na watani njia nzima hadi pwani, watu wa makabila mengine wenye haki ya kuwatukana na wajibu wa kuwasaidia. Mgeni akifia mbali na kwao, watani ndio walioshughulika na maziko. Leo tunauona utani kama mzaha wa harusini na msibani. Ulikuwa pia dawa ya ukiwa iliyotengenezwa kwa makusudi na watu waliojua kwamba safari ni ndefu na ndugu hawapo.

Na yaya?

Huyu ndiye anayenisumbua zaidi, kwa sababu kwake kile kipimo changu kinalegea. Mtoto mchanga hana sheria wala kipande. Watoto wengi wa walowezi walijua Kiswahili, au lugha ya yaya, kabla ya kukiweza Kiingereza, na hofu za usiku walizitibiwa kwa lugha hiyo. Mapenzi hayo yalikuwa sawa kwa sawa kadiri yanavyoweza kuwa kati ya mtu mzima na mtoto. Kisha mtoto akafika miaka saba au minane, akapelekwa bweni, akarudi likizo akiwa amejifunza kutoa amri. Wakati huo wote mtoto wa yaya mwenyewe alikuwa kwa bibi yake kijijini. Sijui unaweza kuliita nini hilo. Urafiki si jina lake, na utumwa peke yake haulitoshi.

"Lakini si ndio hao hao waliowasaliti?"

Swali hili huja katika sura mbili. Wengine husema watumishi wa ndani walikuwa vibaraka wa Mzungu. Wengine hukumbusha Mau Mau, vita vya msituni dhidi ya utawala wa Waingereza, na kusema walikuwa nyoka mfukoni. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Januari 1953 familia ya mlowezi iliuawa Kinangop, na wafanyakazi wao wakahusishwa. Walowezi waliandamana Nairobi hadi makao ya gavana, na katika nyumba nyingi wafanyakazi wakaanza kutolewa nje jua likizama, milango ikakomewa nyuma yao. Watu walioambiwa jana kwamba ni wa familia wakalala leo upande wa pili wa kufuli.

Raia wa Kizungu waliouawa katika vita vyote hivyo walikuwa 32. Waafrika waliokufa walikuwa maelfu kwa maelfu. Katika nyumba nyingi mno, mpishi mwenye kisu na ufunguo hakumgusa mtu. Wengine walikuwa wamekula kiapo na bado wakaendelea kuleta chai kwa wakati. Je, ni uaminifu, ni woga, ni mazoea, au ni kwamba ugomvi wao ulikuwa na ardhi na wala si na bibi huyu mzee anayekohoa usiku? Pengine yote. Aprili 1954 jeshi lilipoizingira Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil, makumi ya maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa na kuchujwa. Nyumba nyingi zilijikuta asubuhi hazina mpishi, na ndipo mama wa nyumba alipogundua kwamba hajui kwao ni wapi, aulizie kwa nani.

Kule Ngong mambo yalikwisha mapema. Shamba lilifilisika, Blixen akaondoka mwaka 1931. Farah alipanda naye treni, na Blixen anaeleza kwamba kwenye kituo cha Samburu, injini ilipokuwa inajaza maji, walishuka wakatembea pamoja jukwaani, wakitazama vilima vya Ngong kwa mbali. Kamante alibaki. Alimtumia barua Denmark, akizitamka kwa waandishi wa kulipwa walioziweka kwenye Kiingereza, hivi kwamba maneno yalipita mikono mitatu kabla ya kusomwa. Kwa miaka mingi ulimwengu ulimjua kwa kalamu ya mwajiri wake tu. Mwaka 1975, yeye akiwa mzee, zilichapishwa simulizi zake mwenyewe pamoja na michoro aliyoichora kwa mkono wake.